Barua ya wazi kwa walinzi wa umeme na vyuma vyetu: mwiteni mwizi kwa jina lake

Kwa Waziri wa Kawi. Kwa Waziri wa Biashara na Viwanda. Kwa Baraza la Vyuma Chakavu. Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Na kwa wakuu wa mashirika ya umeme, barabara na reli nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya neno moja mnalolitumia mno, na juu ya kazi ambayo neno hilo limewapa sababu ya kutoifanya. Neno lenyewe ni vandali, yaani mharibifu wa mali. Transfoma ikifunguliwa usiku, taarifa yenu inasema ni vandali. Vyuma vya kingo za barabara vikikatwa, vandali. Mnara wa nyaya za umeme ukifunguliwa nati za miguu hadi ukaanguka, vandali. Neno limeshuka mpaka mitaani: vijana wetu wanasema "transfoma imevandalaiziwa" kama wanavyosema mvua imenyesha, yaani jambo limetokea tu, hakuna aliyelitenda wala aliyefaidika nalo.

Ombi langu nalitanguliza ili msilitafute mwisho wa barua. Acheni kuuita wizi huu uvandali. Uiteni wizi, na biashara ya mali ya wizi, katika taarifa zenu, katika vitabu vya polisi, na katika hati za mashtaka pale sheria inaporuhusu. Huu si ubishi wa msamiati. Anayemtafuta vandali humtafuta kijana mwenye hasira na jiwe mkononi. Anayemtafuta mwizi huuliza mali imekwenda wapi, nani kainunua, kwa bei gani, na nani alijua namna ya kuzima laini kabla ya kuigusa.

Mwaka huu transfoma ya soko letu iliibwa. Nilifika pale asubuhi na mapema pamoja na majirani. Nyasi chini ya nguzo zilikuwa zimelowa mafuta, nyeusi, na harufu ilikuwa kali hadi barabarani. Tenki lilikuwa limelazwa ubavu, kifuniko kando. Boliti za kifuniko hazikukatwa wala kugongwa. Zilifunguliwa kwa spana, moja moja, na kuachwa fungu moja chini. Vile vikombe vya kaure vya juu havikuwa na hata ufa. Kilichotoweka ni mafuta na shaba iliyokuwa imeviringishwa ndani. Juu ya nguzo, fyuzi zote tatu zilikuwa zimeshushwa, zinaning'inia. Waheshimiwa, laini ile ni ya volti 11,000. Fyuzi zake hushushwa kwa fimbo ndefu ya fundi, na anayefanya hivyo bila kufundishwa hapati nafasi ya kukosea mara ya pili.

Mwenye kinu cha kusaga alifunga. Akina mama wa maziwa walimwaga maziwa. Chanjo za zahanati zilipelekwa kituo kingine kwa bodaboda, ndani ya kisanduku cha barafu. Kinyozi akarudi kwenye mkasi. Tulipouliza, tuliambiwa ni vandali, tukahimizwa tuwe tunalinda mali ya umma. Hakuna aliyetuuliza ni gari gani lilionekana usiku ule. Hakuna aliyekwenda kwenye yadi za skrapu zilizo kando ya barabara kuu, ambazo kila mtu hapa anazijua.

Sasa nawaomba mnivumilie niende mbali kidogo, maana wale watu walioliachia neno hili jina lao wana habari inayotuhusu kuliko inavyodhaniwa.

Wavandali walikuwa watu wa kabila la Kijerumani. Mwisho wa mwaka 406 walivuka mto Rhine pamoja na Waalani na Wasuebi, wakaipita nchi ya Wagalli, yaani Ufaransa ya leo, wakaingia Hispania mwaka 409. Mwaka 429 walivuka bahari kuja Afrika chini ya mfalme wao Geiseric. Askofu Victor wa Vita, aliyeziandika habari zao akiwa upande wa waliodhulumiwa, anawataja kuwa watu 80,000, wazee kwa watoto, mabwana kwa watumwa. Mwaka uliofuata waliuzingira mji wa Hippo, katika Algeria ya leo, na Mtakatifu Augustino, askofu wa mji huo, akafariki mji ukiwa bado umezingirwa. Oktoba 439 waliiteka Carthage, karibu na Tunis ya leo, wakatawala kutoka hapo hadi Belisarius, jemadari wa Kaisari wa Constantinople (Istanbul ya leo), alipowashinda, na ufalme wao ukafutika mwaka 534. Kwa hiyo watu hawa ambao jina lao ni tusi Ulaya nzima waliweka ufalme wao Afrika. Ulikuwa na sarafu zake, meli zake, hamamu zake, na washairi wa Kilatini kama Dracontius na Luxorius. Ulikuwa na ukatili wake pia. Maaskofu Wakatoliki walifukuzwa na makanisa yao yakanyang'anywa, na Dracontius mwenyewe alitupwa gerezani na Gunthamund, mfalme wa Wavandali. Siwatetei. Nataka tu tuone walichofanya hasa.

Kilichowaletea jina baya ni mwezi Juni wa mwaka 455, mjini Roma. Kaisari Valentinian wa Tatu alikuwa amemposesha binti yake Eudocia kwa Huneric, mwana wa Geiseric. Machi mwaka ule Kaisari akauawa. Petronius Maximus akanyakua kiti, akamlazimisha mjane wa marehemu aolewe naye, na yule binti mchumba wa watu akamwoza kwa mwanawe mwenyewe. Geiseric akapakia jeshi melini. Petronius alipojaribu kukimbia, watu wa Roma wenyewe wakamuua. Papa Leo wa Kwanza akatoka kwenda kumpokea mfalme wa Wavandali, akamsihi. Prosper wa Aquitaine, aliyeishi nyakati zilezile, anaandika kwamba Geiseric alikubali kujizuia na moto, mauaji na mateso. Kisha kwa siku 14 mji ukapekuliwa kwa nafasi, bila haraka.

Walichukua hazina ya jumba la kifalme. Walichukua vyombo vya hekalu la Yerusalemu, ambavyo Waroma nao walikuwa wameviteka chini ya Titus mwaka 70. Walichukua nusu ya paa la hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Waroma wa kale, pale kwenye kilima cha Capitolino. Procopius, mwanahistoria wa karne iliyofuata, anaeleza kwamba paa hilo lilikuwa la shaba bora, limepakwa dhahabu nene. Meli moja iliyopakiwa sanamu ilizama njiani. Waliondoka na mateka wengi, akiwemo mjane wa Kaisari na binti zake wawili. Mateka walipofika Carthage, askofu wa huko, Deogratias, aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe, akawalaza ndani ya makanisa mawili makubwa. Huyo askofu ningependa watoto wetu wamjue.

Itazameni orodha hiyo. Dhahabu, fedha, shaba, na watu wa kutozwa fidia. Nusu ya paa la hekalu haikubanduliwa kwa chuki dhidi ya Jupiter. Ilibidi watu wapande, wabandue, washushe, wabebe hadi majini na wapakie, na shaba ikafika mahali ambapo ilikuwa na thamani. Wavandali wa 455 walikuwa waporaji wa chuma chenye bei. Uharibifu ulikuwa alama iliyobaki nyuma ya mzigo, kama mafuta yaliyobaki kwenye nyasi za soko letu.

Miaka mitatu baadaye, Julai 458, Kaisari Majorian alitoa sheria kwa mkuu wa mji wa Roma juu ya kubomolewa kwa majengo ya umma. Nawaomba mwisome, au mmwombe mwanasheria wenu mmoja awasomee, maana ni sheria iliyoandikwa na mtu mwenye kila sababu ya kuwalaumu Wavandali. Majorian alikuwa adui yao. Alikusanya kundi kubwa la meli kwenda kuwapiga Afrika, na kundi hilo likaangamia kwenye pwani ya Hispania mwaka 460 kabla hata halijavuka. Lakini kwenye sheria ile hawazungumzii Wavandali. Anasema majengo ya kale yanabomolewa kwa kisingizio kwamba mawe yanahitajika kwa kazi ya umma, na kwamba raia, kwa kupendelewa na maafisa waliopo mjini, wanajichukulia vifaa vya kujengea nyumba zao. Anayemshika kwanza ni mwenye mamlaka. Afisa atakayetoa ruhusa ya kubomoa atozwe ratili 50 za dhahabu. Makarani na watumishi watakaotii amri yake bila kumpinga wapigwe na wakatwe mikono.

Kukata mikono ni unyama, na mtu yeyote asije akanisingizia kwamba nauomba. Ninachowaonyesha ni mpangilio wa sheria yenyewe. Kaisari aliuona mji wake ukiliwa, akajua kwamba bila ruhusa ya mtu ofisini na bila mtu wa kupokea mzigo, jiwe halitoki ukutani. Akaanzia hapo.

Na Roma iliendelea kuliwa na wenyewe. Mwaka 663 Kaisari Constans wa Pili, mtawala halali aliyekuja ziarani kutoka Constantinople, alikaa siku 12 na akabandua shaba ya mji, pamoja na vigae vya shaba vya paa la Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa. Karne ya 17 Papa Urban wa Nane, wa ukoo wa Barberini, alitoa shaba iliyokuwa imesalia kwenye ukumbi wa mbele wa jengo hilohilo, na nyingi ikayeyushwa kuwa mizinga. Watu wa Roma wakatunga msemo: wasichokifanya washenzi wamekifanya akina Barberini. Bado jina lililobaki midomoni mwa dunia ni la Wavandali.

Hata hivyo, tusi lenyewe ni la juzi ukilinganisha na tukio. Neno la kutaja uharibifu wa aina hii lilitungwa mwaka 1794 na Henri Grégoire, padre na askofu aliyekuwa mbunge katika Mapinduzi ya Ufaransa. Alikuwa mtu wa maana. Alipigania haki za Wayahudi, alipinga utumwa, na mwaka 1808 alichapisha kitabu cha kuonyesha uwezo wa akili na maandishi ya watu weusi wakati wengi wa Ulaya walikana kwamba tuna akili. Katika kumbukumbu zake anasema alilitunga neno ili akiue kitendo. Aliyaona maktaba, sanamu na makaburi yakiangamizwa, akalia. Lakini makaburi ya wafalme katika kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, yalikuwa yamefunguliwa mwaka 1793 kwa amri ya bunge lilelile alilokuwa akikaa, na madini ya risasi ya majeneza yao yakayeyushwa kwa ajili ya vita. Kengele za makanisa nazo ziliyeyushwa. Nchi ilikuwa vitani, ilihitaji madini, na amri zilitiwa sahihi. Agosti 1794, mwezi mmoja tu baada ya Robespierre, kiongozi mkali wa Mapinduzi, kuanguka, Grégoire alisimama kutoa ripoti yake juu ya uvandali, na lawama ikaelekezwa kwa walioanguka na kwa maadui wa nchi. Bunge likasikiliza likiwa limetakasika. Neno jipya lilikuwa limelitoa kwenye lawama.

Jambo moja zaidi juu ya Grégoire, kwa kuwa nawaandikia kwa Kiswahili. Juni mwaka huohuo, karibu miezi mitatu kabla ya ripoti hiyo, alilisomea bunge ripoti nyingine ya kutaka lugha za mikoa ya Ufaransa ziangamizwe na Kifaransa kitawale kote. Mtu aliyelilia sanamu za mawe hakuziona lugha za watu kuwa urithi wa kulindwa. Namheshimu kwa mengi, lakini hilo simsamehei.

Nirudi nyumbani. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ndani na nje ya nchi. Naikumbuka amri ile kwa sababu kwa mara moja Serikali ilimtazama mnunuzi. Iliumiza wasio na hatia pia. Kijana wa mkokoteni anayeokota makopo alilala njaa sawasawa na mwenye yadi anayepokea shaba saa nane za usiku, na watu wa jua kali wakakosa malighafi. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: vinakwenda wapi? Mwezi Mei biashara ikafunguliwa kwa masharti mapya. Marufuku ikaondoka, na lile swali likaondoka nayo. Neno vandali likarudi kwenye taarifa.

Nchi yetu haina mgodi mkubwa wa shaba unaofanya kazi. Shaba chakavu inayopimwa kwenye mizani zetu inatoka kwenye nyaya, mota na transfoma zilizokwisha kutumika, au zilizokuwa bado zinatumika jana. Kuna idadi ya tanuri na idadi ya yadi zinazoweza kupokea shaba kwa wingi, na mnazijua kwa sababu mnazipa leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ililiunda Baraza lenu kwa kazi hiyo. Mfanyabiashara anatakiwa awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua na anayemuuzia. Basi vitabu hivyo vipo. Nani amevifungua baada ya transfoma yoyote kuibwa? Afisa gani, siku gani, alikuta nini?

Nawajua watakaonijibu kwamba waharibifu wa kweli wapo. Wapo. Kuna wanaovunja taa za barabarani kwa ulevi, na kuna siku za maandamano ambapo vioo huvunjwa na vibanda huchomwa. Hayo ni makosa na yana sheria yake. Ila mnapomweka mvunja kioo na muuza shaba chini ya neno moja, mnamwonea mmoja na kumficha mwingine. Mwenye hasira huonekana, hupigwa picha, hukamatwa mchana. Aliyekuja na spana na fimbo ya fyuzi, akaondoka na mzigo kwa gari, hujificha nyuma ya yule wa kwanza. Wala msidhani kuligeuza neno kuwa "mhujumu" kunatosha. Mhujumu ni adui wa nchi, naye hutafutwa kwa jicho la kisiasa. Mwizi wa shaba hana ugomvi na nchi. Ana mteja.

Kuna na hili linalouma zaidi, na nitalisema kwa heshima. Mafundi wengi wa umeme ni watu waadilifu wanaopanda nguzo kwenye mvua ili sisi tupate mwanga, na wengine wamekufa kazini. Hata hivyo ujuzi wa kuzima laini ya volti 11,000 hauokotwi njiani. Ukisema vandali, hulazimiki kuuliza nani alipewa ujuzi huo, nani aliachishwa kazi na vifaa vyake, kontrakta gani alikuwa eneo lile wiki iliyopita. Ukisema mwizi, swali linakuja lenyewe, na fundi mwaminifu atakuwa wa kwanza kufurahi, maana jina lake limechafuka bure kwa muda mrefu.

Kwa hiyo naomba haya. Taarifa ya kwanza kabisa ya kila tukio iseme kilichoibwa: kilo ngapi za shaba, lita ngapi za mafuta, namba gani ya transfoma. Namba hiyo ipelekwe siku hiyohiyo kwa kila yadi na kila tanuri lenye leseni katika kaunti na kaunti jirani, na anayepokea atie sahihi kwamba ameipata. Baraza lichapishe kila robo mwaka orodha ya yadi zilizokaguliwa, waliokutwa na mali isiyo na maelezo, na leseni zilizofutwa, pamoja na jina la afisa aliyetoa leseni hiyo mwanzoni. Bandarini, shehena ya shaba chakavu isitoke bila karatasi zinazofika mpaka kwa muuzaji wa kwanza. Na kijiji kilichoibiwa kisiadhibiwe kwa kusubirishwa, kana kwamba giza litawafundisha watu kulinda. Sisi hatukuuza shaba ile.

Waziri, adhabu kali zimo tayari kwenye Sheria ya Nishati ya 2019, na wanaozionja ni vijana wanaokamatwa na msumeno mkononi. Naomba mtueleze kwa maandishi ni wanunuzi wangapi, wenye yadi wangapi na maafisa wangapi wametiwa hatiani tangu biashara ilipofunguliwa tena mwaka 2022. Nakala ya barua hii nimempa chifu na mwakilishi wa wadi yetu, na itasomwa kwenye baraza la chifu lijalo. Jibu lenu likifika, nalo litasomwa palepale, neno kwa neno.

Wenu,
Mwananchi na mlipa bili ya umeme